Moyo wangu uko kwa Mahadev, nyumbani tunamtumikia Krishna: je, kuldevi atanikasirikia?

*"Jai Shri Krishna, mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Mombasa. Wazee wetu walitoka upande wa Porbandar, Gujarat. Nyumbani mama humtumikia Krishna mtoto. Kila asubuhi humwogesha, humvika nguo na kumpa maziwa kabla sisi hatujanywa chai. Kuldevi wetu, mungu mama wa ukoo, ni Harsiddhi Mata. Lakini mimi, tangu nikiwa kidato cha pili, moyo wangu uko kwa Mahadev, yaani Shiva. Nikipatwa na jambo, jina linalonitoka ni lake. Sijawahi kumwambia mama. Mwezi uliopita nilizungumza na mnajimu mmoja kwenye intaneti. Akatazama nyota zangu, akasema mungu wangu halisi ni Vishnu, na kwamba msichana akimfuata Shiva kabla ya kuolewa hujifungia ndoa. Nilipomwambia nimeota nyoka mara mbili akasema kuldevi amekasirika kwa kuachwa, nilipe shilingi 35,000 amfanyie puja ya kumtuliza. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Nimeposwa, harusi ni Desemba, na wakwe zangu ni watu wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu la Gujarat. Je, mtu anaruhusiwa kujichagulia mungu? Nikimchagua Mahadev nitakuwa nimewaasi wengine? Na nianze vipi?"*

Jai Shri Krishna, mwanangu. Barua yako ina swali na ina hofu. Swali ni la kweli, limeulizwa na waja tangu zamani na lina majibu. Hofu umetiwa, na aliyekutia ndiye huyo huyo anayekuuzia dawa yake. Kwa hiyo nitaanza na hofu, maana mtu aliyetishwa hawezi kuchagua lolote kwa utulivu.

Unaogopa kwamba ukimpenda mmoja utakuwa umemnyang'anya mwingine haki yake. Hofu hiyo hutokana na kuchanganya nafasi ambazo katika nyumba za Kigujarati zimetengwa. Kuldevi ni mama wa ukoo. Wewe hukumchagua, wala mama yako hakumchagua. Mtu humpata kwa kuzaliwa, au kwa kuolewa. Kisha kuna mungu wa madhabahu ya nyumbani, ambaye kwenu ni Krishna mtoto. Na kuna ishta-devta, mungu ambaye mtu mmoja mmoja humwelekea kwa ibada yake binafsi, yule anayemwita akiwa peke yake. Watatu hawa wanaweza kuwa mmoja na huyo huyo, na katika familia nyingi ndivyo ilivyo. Wanaweza pia kuwa watatu tofauti, kama kwako, na hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa mtazame huyo kuldevi wenu. Hekalu la Harsiddhi liko kwenye kilima cha Koyla, pale Miani, ufukweni kati ya Porbandar na Dwarka. Watu wa huko humwita pia Vahanvati Mata, mama wa vyombo vya baharini, kwa sababu mabaharia na wafanyabiashara walimwomba kabla ya kutweka tanga. Simulizi za pale zinasema alikaa kileleni, na chombo kilichopita bila kumpa heshima kilizama. Mfanyabiashara aitwaye Jagdu akamsihi ashuke chini ya kilima ili macho yake yasiiangukie bahari. Wazee wengi waliovuka na msimu kuja pwani yetu walitoka bandari za upande ule, kwa hiyo naelewa kwa nini jina lake bado lina uzito mkubwa nyumbani kwenu. Ila mama huyu ni sura ya Shakti, ile nguvu ya kimungu ya kike, na Shakti ndiye mwenzi wa Shiva. Kusema Harsiddhi amekasirika kwa sababu binti wa ukoo wake anamwita Mahadev ni kusema mke amechukia mumewe kuheshimiwa. Mtu aliyesoma hata kidogo asingekwambia hivyo.

Anachostahili kuldevi kinajulikana, na si kikubwa. Ni nived, kile chakula kitakatifu anachoandaliwa siku ya nane ya Navratri, ile sikukuu ya mikesha tisa ya mungu mama. Kwa nyumba nyingi ni lapsi, ngano iliyoparazwa ikapikwa kwa samli na sukari guru. Ni maharusi kwenda kwake baada ya ndoa, wangali wamefungwa ncha za nguo zao pamoja, ile chheda-chhedi. Kwa koo nyingi ni nywele za kwanza za mtoto. Haya mkiyafanya, mmempa haki yake. Kama miaka ya karibuni nyumbani kwenu nived imesahaulika, mkumbushe mama muipike pamoja Navratri ijayo. Haihitaji shilingi 35,000, wala haihitaji mtu wa intaneti.

Na hao nyoka wa ndoto, kumbuka kwamba Mahadev huvaa nyoka shingoni. Mimi sitafsiri ndoto, wala sikushauri umpe kazi hiyo mtu anayelipwa kwa kutisha.

Tuje kwenye swali lenyewe. Je, mtu anaruhusiwa kuchagua? Anaruhusiwa, na sababu yake inafaa uielewe vizuri, kwa kuwa wengi huijibu kwa haraka kwamba "miungu wote ni mmoja" halafu wakanyamaza. Mapokeo mengi ya Kihindu yanafundisha kwamba ukweli wa juu kabisa hauna umbo, na akili ya mwanadamu haiwezi kukaa muda mrefu mbele ya kitu kisicho na umbo. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha mafundisho ya Krishna, sura ya 12, Krishna mwenyewe anakiri kwamba njia ya kuelekea kwa asiyeonekana ni ngumu zaidi kwa wenye mwili. Umbo, jina, uso na kisa ndivyo vinavyoipa akili mahali pa kushika. Lakini akili za watu hazishikwi na kitu kimoja. Yuko anayelainishwa na mtoto mchanga, yuko anayetulizwa na mzee mkimya aliyekaa mlimani, yuko anayemtaka mama mwenye upanga. Ndiyo maana katika sura ya 7, aya ya 21, Gita inasema kwamba mja akitaka kwa imani kuabudu umbo lolote, Bwana ndiye anayeithibitisha imani hiyo hiyo. Nisikufiche kwamba Wavaishnava wengi, yaani wafuasi wa Vishnu na Krishna, wanazisoma aya zinazofuata kama onyo, kwamba anayewaabudu miungu wengine kwa kutaka manufaa hupata matunda yenye mwisho. Ni usomaji halali, na utausikia kwa wakwe zako.

Kuna ibada moja inayolionyesha jambo hili kwa macho. Inaitwa panchayatana, na wafuasi wa mapokeo ya Smarta huinasibisha na mwalimu Shankara. Kwenye sinia moja huwekwa miungu watano: Shiva, Vishnu, Devi yaani mungu mama, Surya wa jua, na Ganesha. Anayemfuata Shiva humweka Shiva katikati na wale wanne pembeni. Jirani yake anayemfuata Devi ana sinia hiyo hiyo, na wenye kukaa juu yake ni wale wale, ila Devi ndiye wa katikati. Hakuna aliyetupwa nje. Kilichobadilika ni nani anayetazamwa kwanza.

Na mtu hachagui umbo tu, huchagua pia uhusiano. Walimu wa bhakti, njia ya ibada ya upendo, huutaja kwa namna tano: utulivu wa mtu mbele ya aliye mkuu, utumishi, urafiki, mapenzi ya mzazi kwa mtoto, na mapenzi ya mpenzi. Mama yako anapomwogesha Krishna na kuyajaribu maziwa yasimuunguze, anamlea Mungu kama Yashoda, mama mlezi wa Krishna, alivyomlea. Wewe unamkimbilia Mungu. Ni pendo la aina mbili, na yawezekana hicho ndicho ulichokihisi ulipokuwa kidato cha pili ukashindwa kukitaja: kwamba unataka mtu wa kukulinda, wakati aliyeko madhabahuni ni mtoto wa kulindwa. Hakuna kosa hapo, wala hakuna anayemshinda mwenzake.

Kwa Mgujarati nina mfano ulio karibu zaidi ya vitabu. Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh wa karne ya 15, alizaliwa katika jamii ya Nagar, ambayo mungu wao ni Shiva kwa jina la Hatkeshwar. Masimulizi yanasema alikemewa na shemeji yake kwa maneno makali, akaondoka nyumbani, akaingia katika hekalu la Shiva lililotelekezwa, akafunga siku saba bila kula. Shiva alipomtokea na kumuuliza anataka nini, Narsinh alimwomba ampe kile ambacho yeye Shiva anakipenda kuliko vyote. Shiva akamshika mkono, akampeleka kuiona ngoma ya Krishna. Maisha yake yote yaliyobaki Narsinh alimwimbia Krishna, na hakumdharau hata siku moja yule aliyemfikisha. Safari yako imeelekea upande wa pili, kutoka kwa Krishna wa nyumbani kwenda kwa Mahadev, lakini barabara ni ile ile na ina alama za nyayo.

Hilo la kwamba Shiva hufunga ndoa za wasichana linaniudhi, na nitalijibu waziwazi. Muulize mama yako, au kumbuka mwenyewe: hukufunga Gauri Vrat ulipokuwa mdogo? Siku tano katika mwezi wa Ashadh, wasichana wa Kigujarati hula chakula kisicho na chumvi, huotesha ngano kwenye kichungu na kuimwagilia kila asubuhi. Wanamwomba nani? Parvati na Shiva, na ombi lenyewe ni mume mwema. Parvati mwenyewe alimpata Shiva kwa kumtaka na kujitesa kwa ajili yake. Shiva ni mtawa wa Kailash, kweli, na pia ni mume na baba wa watoto wawili, Ganesha na Kartikeya. Zipo familia zisizopenda msichana aguse linga, lile jiwe linalomwakilisha Shiva, kwa mkono. Hiyo ni desturi ya nyumba fulani, nawe ukiwa katika nyumba hiyo iheshimu. Lakini kumwita, kumwashia taa, kufunga Jumatatu, kulitaja jina lake, havikatazwi kwa mwanamke, aliyeolewa au asiyeolewa.

Kuhusu nyota, sitasema ni upuuzi, kwa sababu unajimu una nafasi yake katika maisha ya Wahindu na pengine hata siku ya harusi yako imechaguliwa hivyo. Njia inayotumika zaidi kumtafuta ishta-devta hufuata mafundisho yanayonasibishwa na Jaimini. Huitafuta sayari iliyokwenda nyuzi nyingi zaidi ndani ya nyota yake, huangalia inakaa wapi katika navamsa, chati inayoigawa kila nyota sehemu tisa, kisha huitazama nyumba ya 12 kutoka hapo. Wanajimu wenyewe hawakubaliani katika hatua ya kwanza tu: wengine huhesabu sayari saba, wengine huongeza Rahu zikawa nane, na jibu hubadilika. Hata orodha za sayari ipi ni ya mungu yupi hutofautiana. Chati inaweza kumsaidia mtu asiyesikia mvuto wowote, asiyejua aanzie wapi. Wewe unajua. Chati haiwezi kukufutia miaka zaidi ya kumi ya kumwita mtu mmoja.

Ila nami nikuulize kitu, kwa upole. Je, unayemwita ni Mahadev wa visa na nyimbo za waja, au ni yule wa picha za kwenye simu, mwenye misuli na moshi, aliyetengenezwa ili ashirikishwe? Mvuto unaweza kuanzia popote, hata kwenye picha. Lakini ukikaa kwenye picha tu hautadumu. Soma jinsi alivyoinywa sumu wakati wa kusukwasukwa kwa bahari ya maziwa ikamkwama kooni, koo likawa la buluu. Soma jinsi alivyoupokea mto Ganga kwa nywele zake ili usiivunje dunia. Uone kama visa hivyo vinakukaa moyoni au vinakuchosha. Dalili nyingine ninayoiamini ni hii: siku usiyokuwa na la kuomba, bado unapenda kukaa naye? Kumwendea mungu kwa ajili ya kazi au mchumba kunaruhusiwa na kila mtu hufanya, lakini huyo ni mungu wa haja. Ishta ni yule unayebaki naye haja ikisha.

Kuanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Anza na picha, usianze na linga. Nasema hivyo kwa sababu linga ikishaingia nyumbani inategemewa imwagiliwe maji kila siku, na wewe Desemba unahama. Oga, washa taa ya samli na ubani, weka kikombe cha maji safi. Gita 9:26 inataja jani, ua, tunda na maji kuwa vyatosha kwa anayetoa kwa upendo. Ukipata majani ya bilva, yale yenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, mtolee. Uliza katika mahekalu, wengi huupanda mti huo uani. Tulsi, ndugu wa mrehani wetu, mwachie Krishna wa mama. Kwa desturi ya wengi hawekewi Shiva, na vivyo hivyo ua la ketaki. Kisha fanya uradi wa jina lake: *Om Namah Shivaya*, mala moja, yaani tasbihi, ya mbegu za rudraksha yenye punje 108. Ukifika kwenye punje kubwa ya kichwani usiivuke, geuza urudi. Maneno *namah Shivaya* yamo katika Yajurveda, mojawapo ya vitabu vitakatifu vya Veda, husomwa hadharani, na huhitaji ruhusa ya mtu kuyatamka. Mantra za siri za silabi moja moja, zile zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya nguvu, ziache. Hizo hutolewa na guru kwa anayemfahamu.

Patanjali, katika Yoga Sutra, sutra ya 44 ya sura ya pili, anasema kwamba ni kwa kujisomea na kurudia maneno matakatifu ndipo mtu huunganishwa na ishta-devta wake. Angalia mpangilio wake: kurudia kwanza, kuunganishwa baadaye. Watu wengi husubiri waone ishara ndipo waanze, miaka ikapita. Dakika 15 kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, ni bora kuliko usiku mmoja mkubwa wa Shivaratri kwa mwaka. Na siku ukikosa, umekosa. Kesho yake endelea. Hakuna adhabu. Ukifunga Jumatatu, funga kwa kadiri ya mwili wako, na kama una sukari au mimba ongea na daktari kwanza.

Baadaye, ukishatulia kwako na ukitaka linga, tafuta lile jiwe laini linalotoka mto Narmada. Kwa mapokeo jiwe hilo halihitaji ibada ya kutiwa uhai, linahesabiwa ni takatifu kwa asili yake. Wazee hupenda la nyumbani lisizidi kidole gumba. Mdomo wa kitako chake, pale maji yanapotokea, huelekezwa kaskazini, na watu hawauvuki wanapolizunguka. Wakiufikia hurudi walikotoka. Hayo mwombe pujari, kuhani wa hekalu, akufundishe kwa mikono, hayasomeki vizuri kwa maandishi.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni wakwe. Ndoa itakuingiza kwa kuldevi wa ukoo wa mumeo, na madhabahuni utamkuta Swaminarayan, ambaye wao humhesabu ndiye ishta-devta wa jamaa yote. Usidhani kila sampradaya, yaani mapokeo ya kidini, inakuachia uchague kama nilivyoeleza juu. Wapo wanaosisitiza kimbilio liwe moja tu, Pushtimarg, njia ya waja wa Krishna, ni mfano mwingine, na ni msimamo unaostahili heshima, si ukaidi. Lakini lipo jambo la kukusaidia ndani ya kitabu chao wenyewe. Katika Shikshapatri, iliyoandikwa mwaka 1826, Sahajanand Swami, ndiye Swaminarayan mwenyewe, aliwaelekeza wafuasi wake wawatambue Narayana (Vishnu) na Mahesh (Shiva) kuwa ni wamoja, na akawataja Vishnu, Shiva, Ganapati, Parvati na Surya kuwa watano wa kuheshimiwa. Kwa hiyo hutaingia mle ukiwa na mungu mgeni. Utakachokosa, huenda, ni nafasi ya katikati ya sinia.

Zungumza na mchumba wako sasa, kabla ya Desemba. Mwambie unavyoniambia mimi, kwa sentensi mbili tatu, bila kuomba radhi: nitashiriki aarti, ibada ya kuzungusha taa, ya nyumbani kwa moyo, nami nitakuwa na dakika zangu 15 na Mahadev. Msikilize anavyojibu. Wengi hawataona tatizo. Wengine watakwambia picha ikae chumbani kwako na si kwenye madhabahu ya wote, jambo ambalo naliona ni la haki. Ikiwa jibu ni kwamba hutaruhusiwa hata kulitaja jina lake, ni heri ulijue ukiwa bado kwenu, ukae na wazazi wa pande zote mbili. Na mwambie mama yako kwanza kabla ya hao wote. Mtu anayemlea Krishna kila asubuhi ataelewa mapenzi haraka kuliko unavyofikiri.

Mambo mawili usiyamalize kwa barua. La kwanza, ukitaka diksha, yaani kupewa mantra na mwalimu, nenda ukaonane naye uso kwa uso, umtazame mwaka mzima anavyoishi na anavyoshika pesa za watu, ndipo uamue. Anayeanza kwa kukuambia umelaaniwa na kumaliza kwa kutaja bei, mfungie simu. La pili ni usingizi. Ikiwa wiki mbili tatu zijazo bado hulali, au hofu inakufuata mchana kazini, au ukaanza kusikia sauti zikikuamuru, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili hapo Mombasa, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Uradi unaweza kuendelea nao sambamba na matibabu. Kimoja hakikizuii kingine.